Medali zake zinatosha kumpa ukocha?

Mkuu umeuliza kama lejendi aliyebeba makombe na klabu anafaa kurudi kuwa kocha mkuu moja kwa moja, mi nakwambia medali ziweke pembeni kwanza, angalia amefundisha wapi. Cheki Pirlo, kiungo wa zamani wa Italia, kabeba skudeto (ubingwa wa ligi ya Italia) nne na Juventus, 2020 wakampa timu yao ya vijana chini ya miaka 23 (U23), siku kama tisa tu baadae wakamrusha timu kubwa, hajakaa benchi hata mechi moja jamani! Kombe la Italia alichukua sawa, ila ligi wakamaliza wa nne baada ya kubeba mara tisa mfululizo, akatimuliwa.

Sasa Guardiola, naye mchezaji wa zamani wa Barcelona, yeye alianza ukocha Barcelona B, timu yao ya pili, daraja la nne huko, akawapandisha, ndo 2008 akapewa timu, na siku ya kutambulishwa tu akasema waziwazi mastaa wa timu Ronaldinho na Deco hawamo kwenye mipango yake. Hapo ndo pa kumpima huyo wako, je anaweza kumkata staa mbele ya mashabiki wanaomuimba? Maana wengine wakirudi nyumbani wanaona aibu kumuweka mtu benchi, hasa kama walicheza nae.