Mbwa mwitu anayegoma
Ile katuni unayoulizia, ya mbwa mwitu anayemkatiza msimulizi na kugoma, ni Red Hot Riding Hood ya mwongozaji Tex Avery, studio ya MGM, 1943. Inaanza kama ile ngano ya kawaida ya Little Red Riding Hood, binti anayekwenda kwa bibi yake: binti, kikapu, msitu. Mara mbwa mwitu analalamika kwamba hadithi imechakaa, binti na bibi nao wanamuunga mkono, na msimulizi hana budi kuanza upya. Sasa tuko Hollywood: binti anaimba klabuni, mbwa mwitu kavaa suti, macho yanamtoka. Ila kwangu mimi kichekesho chenyewe ni bibi, maana yeye ndiye anayemkimbiza mbwa mwitu! Ukiipenda, tafuta na Swing Shift Cinderella ya 1945, ya Avery huyohuyo.