Msaidizi alisema 0.001, mbona nimekatwa dola nzima?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina msaidizi wa akili mnemba kwenye kompyuta, nimemuunganisha na akaunti yangu ya kripto kwa kutumia CCXT (programu ya kuunganisha kompyuta na masoko ya kripto). Kabla ya kununua Bitcoin nilimuuliza makato ni kiasi gani, akajibu "asilimia 0.001". Kwa USDT 1,000 (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) nikategemea kukatwa kama senti moja. Nimekatwa karibu dola nzima, tena haikutoka kwenye USDT nilizobakiza, imemegwa kwenye Bitcoin yenyewe. Nimeibiwa? Na je, nimruhusu awe ananunua mwenyewe? — *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Marahaba. Hujaibiwa. Soko limekukata asilimia 0.1, makato ya kawaida kabisa. Hata kwenye soko la Binance, mteja wa ngazi ya chini huanzia hapo, na akilipia kwa BNB, sarafu ya Binance yenyewe, hupunguziwa robo. Aliyekuponza ni msaidizi, na nadhani najua kilichomponza yeye.

Mwambie akuonyeshe jibu alilopokea kutoka kwenye programu, kama lilivyo, asilifafanue. Utakuta kitu cha namna hii:

"symbol": "BTC/USDT", "maker": 0.001, "taker": 0.001, "percentage": true

Hiyo 0.001 unazidisha nayo moja kwa moja: 1,000 mara 0.001 ni 1. Ukitaka asilimia, izidishe kwanza kwa 100, unapata 0.1. Sasa tazama kile kipengele cha mwisho. Waliotengeneza CCXT wanachosema pale ni kwamba makato yanafuata ukubwa wa biashara, si kiasi kilekile kila mara. Basi. Msaidizi kaona "percentage", kaona 0.001, akabandika alama ya asilimia. Nimefundisha hisabati kidato cha pili miaka mingi, na wanafunzi wangu walitumbukia shimo hilohilo, ila wao angalau hawakuwa na akaunti ya kripto.

Kuhusu Bitcoin kumegwa: ukinunua, masoko mengi hukata kwenye kile unachopokea. Umenunua 0.01, inaingia 0.00999. Ukiuza, wanakata kwenye USDT. Ndiyo maana zile ulizobakiza hazikuguswa.

Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi kwenye barua yako, nalo hukuliuliza: hiyo 0.001 ilitoka wapi? CCXT inabeba ndani yake orodha ya viwango vya kawaida vya masoko zaidi ya mia moja. Nyingine zimeandikwa tu na watengenezaji humo ndani, na soko likibadilisha bei zinaweza kubaki za zamani. Msaidizi anaweza kusoma humo akakujibu bila hata kuigusa akaunti yako. Ni kama kusoma bei iliyochorwa ukutani mgahawani bila kumuuliza mhudumu. Kiwango chako wewe, kwa ngazi yako na punguzo lako, kinapatikana kwa amri ya fetchTradingFee, na kwa masoko mengi amri hiyo haifanyi kazi bila ufunguo wa API wa akaunti yako, yaani neno la siri linaloiruhusu programu kuingia kwenye akaunti. Kwa hiyo kama ulipomuunganisha hukumpa ufunguo wowote na bado alikujibu kwa kujiamini, alisoma ukutani. Mbaya zaidi, programu ikigoma wapo wasaidizi wanaojaza pengo kwa kumbukumbu zao na wasikwambie.

Ukishapata jibu la kweli, angalia namba zote mbili. "Maker" ni kwa anayeweka oda ikasubiri kwenye orodha ya oda za soko, "taker" ni kwa anayechukua oda iliyopo palepale. Kwako zinalingana, lakini masoko kama Kraken Pro humtoza zaidi yule wa pili. Ukibofya nunua sasa hivi, wewe ni wa pili.

Ufunguo wenyewe utengeneze wa kusoma tu. Ruhusa ya kufanya biashara iache bila alama, ya kutoa fedha usiifikirie kabisa, na kama soko linakuruhusu, ufunge utumike kwa anwani ya IP ya kompyuta yako peke yake. Programu inayodai ruhusa ya kutoa fedha ili ikutazamie makato tu, ifute siku hiyohiyo.

Usidhani pia kwamba makato ya biashara ndiyo gharama yote. Kuhamisha USDT kwa mtandao wa Tron na kwa Ethereum ni bei mbili tofauti, na amri niliyokutajia haizionyeshi. Ukinunua USDT kwa mtu kwa pesa ya simu, faida yake imo ndani ya bei aliyokupa. Na tangu Julai 2024 sheria yetu inamtaka mwenye jukwaa akate kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Hiyo nayo msaidizi haioni.

Kumruhusu anunue mwenyewe? Hapana, si huyu aliyekosea desimali mbili. Mwache awe wa kuuliza bei, na swali lake liandike hivi: "Tumia fetchTradingFee kwa BTC/USDT, nionyeshe jibu lote lilivyokuja, kisha nipigie hesabu ya makato ya USDT 1,000 kwa dola. Amri ikikataa, niambie imekataa, usikisie." Hesabu kwa dola ndiyo muhimu. Angekwambia "dola moja" tangu mwanzo usingeniandikia.