Gesi inalala chini kama mazuku

Nimekua nikipika kwa makala, yaani makaa, kwenye mbabula ya mama, lile jiko la makaa. Nilipoanza kutumia jiko la gesi niliona kazi ni kufungua na kuwasha tu. Nyumba yetu hapa Goma ni ya mbao, imesimama juu ya mawe ya volkano. Mtungi niliuweka ndani, kwenye kona, chini ya meza. Dirisha liko juu, na kila usiku nililiacha wazi nikiamini linatosha.

Asubuhi moja niliamshwa na harufu kama ya mayai yaliyooza. Nikalisukuma dirisha hadi mwisho, kisha nikanyoosha mkono kwenye swichi ya taa, bila kufikiria cheche. Mama mkwe, aliyekuwa amelala kwetu, akanishika.

"Acha taa, mwanangu. Fungua mlango. Hiyo kitu iko chini, kama mazuku."

Sisi wa huku tunayajua mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutulia mashimoni, ikaua mbuzi na hata watu. Gesi ya mtungi ni propani na butani, nayo inashika moto, jambo ambalo mazuku hayafanyi. Lakini kwa kushuka ni ndugu: zote ni nzito kuliko hewa ya kawaida. (Methani, gesi iliyomo ndani ya maji ya Ziwa Kivu hapa kwetu, si hii ya mtungi: yenyewe ni nyepesi na hupanda.) Dirisha langu lilipitisha upepo juu, gesi imelala miguuni petu.

Tulifunga mtungi, tukafungua milango yote miwili, tukatoka na watoto. Simu sikuigusa mpaka nilipofika barabarani. Baadaye, kwa povu la sabuni, tuliona mpira wa gesi umepasuka pale unapoingia kwenye jiko: povu lilitoa mapovu yenyewe bila kukoma.

Sasa mtungi uko nje, umesimama wima chini ya kibanda kisicho na kuta. Usiulaze hata kama gesi inakaribia kwisha, maana gesi ya majimaji inaweza kuingia kwenye mpira na kuleta moto mkubwa ghafla. Kila nikibadilisha mtungi ninapaka sabuni kwenye maungio. Fundi akitaka kutafuta uvujaji kwa kiberiti, mtoe nyumbani kwako. Kuwasha, njiti inatangulia, gesi inafuata. Usiku ninafunga kwenye mtungi wenyewe. Kufunga kwenye jiko peke yake hakutoshi.

Angalia pia rangi ya moto. Wa bluu unachoma vizuri. Wa njano unaopaka sufuria masizi unasema hewa haitoshi au matundu yameziba, na kwangu karibu kila mara ni sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyofurika. Ninangoja jiko lipoe, ninazibua matundu kwa sindano, ninayasugua kwa mswaki na kuyakausha kabisa. Msiupuuze moto huo wa njano: unatoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, ile ile inayoua watu waliolala na mbabula ndani. Siku za mvua, tunapofunga kila kitu kwa baridi, mlango wa jikoni kwangu unabaki wazi.

Kuhusu kuokoa gesi, nilipoteza mitungi mingi kwenye maharagi. Goma iko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Maharagi yanachelewa, nasi tunaongeza moto kwa hasira. Haisaidii: maji yakishachemka hayazidi kupata joto, yanakauka tu na gesi inaondoka bure. Loweka usiku kucha, chemsha, funika, kisha punguza mpaka uone mapovu madogo. Moto usipite kitako cha sufuria. Mwenye sufuria ya presha atasahau shida hii, kwa sababu ndani yake maji yanapita nyuzi 100.

Kitu kilichobaki kunisumbua kilikuwa bugali. Jiko la juu ya meza linateleza ukisonga kwa nguvu, na mpira unavutwa. Nilimwomba fundi wa mbao, akanitengenezea meza fupi na nzito, yenye ukingo wa kuzuia miguu ya jiko. Sasa ninasonga nimesimama sawa, mwanangu mkubwa ameshika sufuria kwa kitambaa, wadogo wako nje ya mlango.