Shamba la tumbaku lililochoka: nipande miti au niache miombo irudi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Sikonge, mkoa wa Tabora. Nina ekari sita nilizolima tumbaku misimu minne mfululizo na sasa udongo umechoka kabisa. Nataka nilipumzishe shamba msitu urudi, baadaye nitundike mizinga. Wapo walionishauri ninunue miche nipande, lakini wazee wanasema niache tu. Nimsikilize nani? Jambo la pili ni kisima chetu cha bondeni. Zamani kilitufikisha Septemba, siku hizi Julai kimekauka. Je, ni kwa sababu tumekata miti ya huku juu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kabla hujanunua mche hata mmoja, ingia shambani ukahesabu visiki.

Mtundu, muba, miyombo na jamaa zake, yaani miti mikuu ya msitu wa miombo, hawaenezi mbegu mbali. Maganda yao hukauka kiangazi mpaka yakapasuka kwa mlio, mbegu zikaruka mita chache na kuangukia pale pale karibu na mama yao. Upepo hauzibebi. Ndiyo maana shamba kubwa lililong'olewa visiki vyote linaweza kubaki nyasi na vichaka kwa miaka mingi hata kama msitu mzima uko ng'ambo ya barabara. Msitu wetu huu huanzia chini, kwenye mizizi na visiki vilivyobaki hai.

Kwa hiyo pima kipande cha hatua 20 kwa 20, uhesabu kila kisiki chenye chipukizi, hata lililo chini ya goti. Fanya hivyo sehemu tano tofauti, usichague zile zinazopendeza. Mimi nikikuta kumi na zaidi kwa kila kipande, huwa namwambia mwenye shamba asitumie fedha yake kwenye miche. Ukilima kwa jembe la mkono na kuinua matuta kukwepa visiki, kama wengi wetu tunavyofanya, utavikuta. Ukikuta trekta ilipita ikang'oa kila kitu, hapo kweli utalazimika kupanda. Katika hali hiyo okota mbegu za miti ya hapo hapo, uzioteshe mwanzoni mwa mvua, na kila shimo ulitilie udongo kidogo uliouchota chini ya mtundu mkubwa.

Udongo huo una kazi yake. Mizizi ya mtundu na muba huishi pamoja na kuvu wanaoisaidia kunyonya fosforasi na maji kwenye mchanga wetu huu maskini. Ule uyoga wa manjano unaouzwa kando ya barabara wakati wa mvua ni zao la kuvu wa namna hiyo, na hauoti pasipo mizizi hai ya miti yake. Siku utakapouona katikati ya shamba lako, jua kwamba chini kazi imeanza. Usiuchanganye na uyoga mkubwa wa vichuguuni. Ule unalimwa na mchwa wenyewe, na hauna habari na miti yako.

Visiki vikiwepo, kazi ni ndogo lakini inataka uvumilivu. Kila kisiki kitatoa machipukizi mengi. Bakiza mawili au matatu yaliyonyooka, mengine punguza kidogo kidogo. Wenzetu wa Dodoma wanauita utaratibu huu kisiki hai. Mifugo izuiwe miaka ya mwanzo.

Kitakachokuua ni moto, na hapa naomba unisikilize sana. Moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka na upepo unavuma, hurudisha chipukizi la miaka minne mpaka ardhini. Kisiki hakifi, kinaanza upya mwakani, kisha kinaungua tena. Nimeona mashamba yaliyopumzishwa miaka mingi na bado miti haijamfikia mtu kiunoni, na mwenye shamba anaulaumu udongo. Safisha ukanda wa kuzuia moto kuzunguka ekari zote sita, na mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, mchome majani ya nje ya ukanda huo kwa kushirikiana na serikali ya kijiji. Moto wa wakati huo hutambaa chini na kuzimika mapema.

Kuhusu muda, tafiti za Msumbiji zimeonyesha kuwa miombo iliyoachwa baada ya kilimo huweza kurudisha uzito wake wa miti kwa miaka 20 hadi 30. Mchanganyiko wa aina za miti huchelewa zaidi, na mboji ya udongo huchelewa pia. Ila huna haja ya kusubiri yote hayo ndipo utundike mizinga. Mtundu huchanua kabla ya mvua, muba huchanua mvua zikiwa zimekolea na kuendelea hadi zinapoisha, hivyo nyuki hupata misimu miwili. Anza na mizinga michache kwenye miti iliyobaki mipakani. Tafadhali usichune magome kutengeneza mizinga, maana mti uliochunwa pande zote hukauka ukiwa umesimama.

Milingoti, yaani mikaratusi, siipingi. Kwa kuni za bani la kukaushia tumbaku ni bora kuliko kukata mtundu. Ipande huku juu, mbali na kisima, kwa sababu hunywa maji mengi.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali lako la pili, ambalo lina mtego. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani kule Usambara miaka ya 1930, aliona kwamba udongo wa nchi hii hujipanga kama mnyororo: mchanga mwekundu juu ya mwinuko, wa kijivu ubavuni, mfinyanzi mweusi mbugani. Akauita mpangilio huo katena. Maji ya mvua huzama juu, hutembea polepole chini ya ardhi, na kisima chako hukaa mwisho wa safari hiyo.

Miti nayo hunywa. Angalia mtundu unavyotoa majani mekundu Septemba kabla tone la mvua halijaanguka: maji hayo umeyatoa ardhini. Kwa hiyo kuikata miti kunaweza hata kuongeza maji kisimani, mradi mvua bado inazama. Lakini matone yakipiga mchanga ulio wazi, uso wake hujifunga kama sakafu, maji yakakimbilia mtoni na kukuacha. Hapo kisima hukauka mapema. Upo pia uwezekano kwamba bustani za mboga bondeni zimeongezeka na watu wanachota zaidi.

Usikisie, pima. Chukua kopo la bati, kata kitako na mfuniko libaki wazi juu na chini, lishindilie sentimita tano ardhini. Mwaga lita moja, hesabu dakika mpaka iishe, rudia mara tatu. Ya kwanza usiihesabu kwa sababu udongo mkavu hunywa haraka. Fanya hivyo msituni, shambani na kwenye sehemu iliyopumzishwa. Kisimani shusha kamba yenye jiwe kila Jumatatu alfajiri, kabla watu hawajachota, uandike maji yako umbali gani kutoka ukingoni. Mvua nayo uipime kwa kopo lenye pande zilizonyooka na rula ya mtoto wa shule.

Kama shambani maji yanazama kwa shida kuliko msituni, tatizo liko juu kwako, na machipukizi yako yatakisaidia kisima. Kama yanazama sawa, hesabu kwanza madumu yanayotoka bondeni kwa siku. Anza kuandika mvua ya kwanza ya Novemba, na uniletee daftari hilo mvua zikiisha mwezi wa tano.