Mshahara Sufuri: Je, Jina Lifutwe?

SWALI: Assalamu aleikum. Niko Malindi, natayarisha kwa intaneti hesabu za mipango ya pensheni ya kampuni ndogo za Marekani. Kila mwaka orodha huja na watu wasio na mshahara, au waliosimama kulipwa katikati ya mwaka. Mwenzangu huwafuta wote kabla ya kupima ile asilimia 70 inayotakiwa na sheria. Je, ni sawa? — Karani, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam. Si sawa, na kosa hili ni baya kwa sababu mpango ulioanguka huonekana umefaulu.

Kifungu cha 410(b) cha sheria ya kodi ya Marekani kinataka asilimia ya wafanyakazi wa kawaida wanaonufaika, ikigawanywa kwa asilimia ya wenye mishahara mikubwa wanaonufaika, isipungue 70.

Chukua kampuni inayotoa mgao wa mwajiri, yaani pesa anazomwekea mfanyakazi kwenye pensheni, kwa aliyefikisha saa 1,000 na aliyeko kazini siku ya mwisho ya mwaka. Wenye mishahara mikubwa ni 5, wote wamepata. Wa kawaida ni 40. Sita hawajatimiza umri wa miaka 21 au mwaka mmoja wa kazi, ambayo ni masharti ya mpango wenyewe: watoe. Wanne waliacha kazi ndani ya mwaka wakiwa na saa zisizozidi 500, wakakosa mgao kwa masharti hayo ya saa na siku ya mwisho tu: watoe pia. Wamebaki 30, na waliopata ni 20. Hiyo ni asilimia 66.7; ukiigawanya kwa 100 ya wenye mishahara mikubwa inabaki 66.7, umeanguka.

Sasa, ndani ya hao 30 wamo watatu waliofanya kazi Januari hadi Machi, saa kama 450, kisha wakaenda likizo bila malipo. Mwenzako akiwafuta anapata 20 kwa 27, asilimia 74, anafurahi. Lakini msamaha wa saa 500 ni wa aliyeacha kazi. Hawa tarehe 31 Desemba bado ni waajiriwa, kwa hiyo wanahesabiwa kama watu waliokosa. Wewe wa Malindi unalijua jambo hili: kusi likivuma na hoteli zikipunguza watu, anayeambiwa asubiri msimu si sawa na aliyeachishwa. Kwenye safu ya mshahara wote wawili ni sufuri.

Basi usipime kwa safu hiyo. Mdai mwajiri tarehe ya kuacha kazi na jumla ya saa za kila mtu. Tena, ukiutumia msamaha huo, utumie kwa wote wanaoustahili mwaka huo, usichague majina.

Asiyefanya kazi hata siku moja mwaka mzima, ilhali hajaachishwa, mpimie mara mbili, akiwemo na asipokuwemo. Majibu yakipishana, peleka kwa mwanasheria wa mpango kabla ya kufunga hesabu.

Kwa ile sehemu ya 401(k), yaani akiba ya pensheni anayochangia mfanyakazi mwenyewe kutoka mshahara wake, kunufaika ni kuwa na haki ya kuchangia, hata asipoweka senti.

Mpango ukianguka, jaribu kwanza kipimo cha wastani wa mafao, kinacholinganisha wastani wa mafao ya makundi hayo mawili. Kikishindikana, mwajiri anaweza kurekebisha mpango kwa maandishi na kumwingiza mtu mmoja: 21 kwa 30 ni 70 kamili. Mwaka wa mpango ukiishia Desemba, mwisho ni tarehe 15 Oktoba inayofuata. Aingizwe mtu ambaye mgao utamfaa kweli, si aliyekwisha kuondoka na ambaye ataupoteza wote.