Re: Mashirika ya kilimo hai yanamsaidia kweli mkulima mdogo?

Mkuu, umeuliza kama mashirika haya yanamfaa mkulima mdogo wa mchicha hapa Dar au yanaishia kwenye semina. Yanafaa, nami ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mafunzo ya mboji na dawa ya mwarobaini ni mwanzo tu; kinachomtesa mkulima ni soko. Mchicha wako usio na sumu ukifika Ilala unauzwa bei ileile na wa jirani, maana hakuna anayeutambua. Hapo ndipo inapoingia nembo ya Kilimohai, alama inayomwonyesha mnunuzi kuwa zao limelimwa kwa kilimo hai, yaani bila sumu wala mbolea za viwandani. Kiwango chake cha Afrika Mashariki kipo tangu 2007, na kwa soko la ndani si lazima umlipe mkaguzi wa kampuni ya uthibitishaji: mnaunda kikundi, mnakaguana mashamba wenyewe. Kaguaneni kwa ukali, jamani, mmoja akipulizia sumu kwa siri mnaharibikiwa wote.

Anza na TOAM, mwavuli wa wadau wa kilimo hai nchini. Kwa mafunzo, shirika la SAT (Sustainable Agriculture Tanzania) wako Morogoro, si mbali. Nenda na daftari la shamba: ulipanda lini, uliweka nini, ulivuna kiasi gani. Mimi nikimpokea mkulima, ndilo ninaloomba kwanza.