Jiwe jeusi la nyoka, na saa tatu tulizozipoteza

Kazi yangu ni kujalidi vitabu hapa Bukavu, na wateja wangu wengi ni warithi. Mzee amefariki, sanduku limefunguliwa, ndani mna misale ya Kilatini, kamusi iliyotafunwa na mende, na mara nyingi kitabu kinene cha tiba cha Kifaransa cha enzi za Wabelgiji. Katika kimoja cha namna hiyo nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nne: maelekezo ya kutumia jiwe jeusi, lile tunaloliita pierre noire, kwa mtu aliyeumwa na nyoka. Jiwe lenyewe lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa na kubanwa ndani ya jalada. Mwenye kitabu aliniambia nibaki nalo. Nikaliweka kwenye droo kama mtu anavyoweka dawa.

Miezi michache baadaye, wakati wa kuvuna maharage, nilikuwa kwa dada yangu huko Kabare. Mwanawe, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alitia mkono kwenye rundo la majani ya maharage, akapiga kelele. Nyoka alikwisha kuingia kichakani. Jirani alikuja mbio na ukanda wa mpira wa baiskeli, akaufunga juu ya kiwiko kwa nguvu zake zote. Mimi nilikuwa na jiwe mfukoni, kwa kuwa siku zile nilikuwa natembea nalo kila nikienda kijijini. Tulichanja penye alama za meno kama karatasi ilivyosema, damu ikatoka, nikaliweka. Likanata. Dada yangu akaanza kumshukuru Mungu, na mimi nikaamini kwamba kazi imekwisha. Tulikaa saa tatu tukisubiri jiwe lidondoke lenyewe. Mtoto alikuwa akiniambia, “Mjomba, mkono unawaka moto,” nami nikimjibu kwamba ni sumu inatoka.

Tulipomfikisha hospitalini kwa pikipiki, mkono ulikuwa umevimba hadi begani na vidole vimekuwa vyeusi. Mpwa wangu yu hai. Vidole viwili vilikatwa, cha shahada na cha kati.

Muuguzi aliyempokea hakunigombeza. Aliniuliza tu: “Nani alilijaribu jiwe hili?” Swali hilo likanirudisha kwenye vitabu.

Kwanza jueni jiwe hilo ni nini. Si jiwe, na halitoki kichwani mwa nyoka kama wengine wanavyosimulia. Ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa hadi ukawa mkaa. Mkaa wa mfupa una vitundu vidogo sana visivyoonekana, na vitundu hivyo hunyonya umajimaji. Ukiligusisha kwenye ulimi wako litanata vilevile, na ulimi wako hauna sumu yoyote. Kwa hiyo kunata kwake kwenye kidonda hakuthibitishi kitu. Hunata kwa sababu ya damu. Meno ya nyoka huipeleka sumu ndani ya nyama, nayo huanza kusambaa mara moja. Mkaa ulio juu ya ngozi hauwezi kuifuata huko.

Nikagundua pia kwamba mabishano haya yana zaidi ya miaka 350. Katika karne ya 17 mawe ya namna hii yalikuwa yakiletwa Ulaya kutoka India, yakisifiwa kwamba yametoka kwenye kichwa cha nyoka. Athanasius Kircher, Myezuiti aliyefundisha Roma (shirika lilelile la mapadri wa Chuo Alfajiri hapa kwetu), aliandika mwaka 1667 kuhusu mbwa aliyeumwa na nyoka akapona baada ya kuwekewa jiwe. Mbwa mmoja! Kitabu chake kilikuwa kikubwa na cha fahari, chenye michoro ya kupendeza, na kilisomwa kila mahali. Mwaka 1671 Francesco Redi, daktari wa ikulu ya Toscana, alimwandikia Kircher barua iliyochapishwa kama kitabu. Alimweleza kwa heshima kwamba ameyajaribu mawe hayo kwa wanyama, si mara moja, na hayakuwaokoa. Padri mmoja aliyesoma Roma alinisaidia kuipitia barua hiyo ya Kiitaliano iliyoko kwenye intaneti. Nilisoma huku namkumbuka mtoto akilia.

Redi ndiye pia aliyeonyesha, mwaka 1664, kwamba sumu ya nyoka humdhuru mtu ikiingia kwenye damu, na kwamba haikai kwenye nyongo kama wazee wa zamani walivyoandika. Alipasua nyoka mwenyewe akaangalia. Hilo ndilo ninalowaomba mlitafute katika kila kitabu cha kale cha tiba mnachorithi: mwandishi aliangalia mwenyewe, au alinakili kwa mwingine aliyenakili? Aliangalia mara ngapi? Na wale ambao hawakupona, wameandikwa wapi? Nyoka wengi hawana sumu, na hata wenye sumu wakati mwingine huuma bila kuimwaga. Mtu wa namna hiyo angepona hata ukimwekea kipande cha mkaa wa jikoni, na jiwe lingepewa sifa. Katika zama zetu watafiti wamelijaribu jiwe jeusi kwa panya, na halikuwafaa.

Dawa ya kweli nayo imetoka kwa mnyama, ila kwa njia nyingine. Mwaka 1894 na 1895 Albert Calmette, daktari Mfaransa aliyekuwa ameona watu wakifa kwa nyoka huko Saigon, alikuwa akiwadunga wanyama sumu kidogo kidogo hadi damu yao ikaizoea. Farasi, kwa ukubwa wake, ndiye akawa mtoaji mkuu wa seramu, yaani majimaji ya damu hiyo ambayo mtu aliyeumwa hudungwa ili kuipinga sumu, na hadi leo seramu nyingi zinatoka kwake. Calmette huyohuyo ndiye herufi C katika BCG, ile chanjo iliyotuachia kovu mkononi, iliyotengenezwa kutokana na kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe na kutumika kwa mtu mara ya kwanza mwaka 1921.

Sasa, nyoka akimuuma mtu wenu. Mlazeni, mtulizeni, asitembee. Vueni pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba. Fungeni kijiti pembeni ya mkono au mguu usicheze, kama wa mtu aliyevunjika. Msichanje, msinyonye, na ule mpira wa baiskeli uacheni kwenye baiskeli, maana ukikaza unazuia damu, na madaktari waliniambia ulichangia vidole vile viwili kufa. Msimfukuze nyoka. Kama ni fira aliyetema machoni, osheni macho kwa maji mengi safi, mengi sana. Kisha pikipiki, na mgonjwa akae katikati, ashikwe.

Na ulizeni mapema, kabla ya mavuno, ni hospitali gani iliyo karibu nanyi yenye seramu kwenye friji. Si zote zinayo. Andikeni jibu mlangoni.

Vitabu vyenyewe msivitupe wala msivifungie nyama sokoni. Mwaka jana nilimaliza kukijalidi upya kile kitabu cha tiba. Karatasi ya jiwe nimeirudisha mahali pake, maana ni historia yetu, lakini mbele yake nimeingiza ukurasa mpya wenye maneno niliyoyaandika hapa. Aliyeushona ni mpwa wangu, ambaye sasa hufanya kazi nami baada ya masomo. Sindano huishika kati ya gumba na kidole cha pete.